Mwonjaji wa Dawa za Bibi

Nilimsikia bibi kabla sijamwona. Ndiyo kwanza nilikuwa nashuka kwenye bodaboda, begi mgongoni, vumbi la Mabamba limenifika hadi kwenye kope, nikasikia kutoka nyuma ya ua mbweu moja ndefu, nzito, yenye mwanzo, katikati na mwisho. Ilianza chini kama gogo linaloburuzwa, ikapanda, ikakata kona, ikamalizikia kwa mlio mdogo kama wa kifuniko cha sufuria kinachotulia mahali pake.

Dereva alizima pikipiki akasikiliza.

"Hapo ndipo kwenu?"

"Ndipo."

"Basi pole. Mna ng'ombe anaumwa."

Hakuwa ng'ombe. Alikuwa mama mzazi wa mama yangu, amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko, kiganja kimoja chini ya kifua, kingine kimeshika kikombe cha plastiki chenye maji ya kijani. Alikuwa amekonda. Kitenge ambacho zamani kilimzunguka mara moja tu, tena kwa kubanwabanwa, sasa kilimzunguka mara mbili na ncha ikabaki ya kufutia mikono.

"Mume wangu amerudi," alisema. Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume, na humsema kama mume aliyechelewa baani. "Umeniletea nini huko Dar? Vitabu tena? Vitabu havipikiki."

"Mwakeye, bibi."

"Mwakeye na jua hili la kuchoma utosi? Mwakeye ni ya asubuhi! Wamekufundisha kuandika, wamekusahaulisha kusalimia."

Akacheka, kisha akakatiza kicheko, akabonyeza pale chini ya kifua na kungoja. Kitu kilipita. Akanywa funda la yale maji ya kijani, akakunja uso mpaka macho yakapotea.

Nilikuwa nimekuja kumalizia riwaya. Nilikuwa nimejiahidi vilima vya Kibondo, ukungu wa asubuhi unaokaa mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na utulivu. Vilima vilikuwepo. Ukungu ulikuwepo. Utulivu uliondoka jioni ileile, pale mjomba aliponivuta nyuma ya zizi la mbuzi kunieleza mambo yalivyo.

Chakula kilikuwa kinamkwama bibi. Matonge mawili tu ya ugali wa muhogo, ameshiba. Anapungua. Kwenye zahanati walimwambia kwamba kwa umri wake dalili hizo zinaweza kuwa vidonda vya tumbo, na zinaweza kuwa saratani, na hakuna wa kujua mpaka aangaliwe kwa ule mpira mwembamba wenye kamera unaoshuka kooni. Mwisho wa mwezi madaktari bingwa wangefika Kasulu na mashine hiyo. Wangekaa siku chache, kisha wangeondoka nayo, na hakuna aliyejua watarudi lini.

"Na yeye anasemaje?" niliuliza.

"Amekataa," alisema mjomba. "Anasema tumbo lake lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, yote miwili anaijua, na hajaona sababu ya kupeleka mpiga picha."

Neno saratani mjomba alilisema kwa kunong'ona, huku akimwangalia mbuzi, kana kwamba mbuzi ndiye angekwenda kusema.

Mjomba wangu huyu ana duka la mbegu na mbolea Kibondo mjini, na kwa sababu hiyo hujiona ni nusu mwanasayansi. Wakati bibi anakataa kamera, yeye alikuwa amefungua simu. Alikuwa amesoma kwamba wataalamu wanachunguza kemikali zilizomo ndani ya mimea: ile rangi inayotia vidole njano ukishika manjano, ule ukali wa tangawizi, vilivyomo kwenye kitunguu saumu na majani ya chai, na kwamba baadhi yake zimeonekana kuua seli za saratani ya tumbo. Alinipa simu nisome mwenyewe. Ilikuwa kweli, kwa kiasi chake. Mimi nilisoma mpaka chini, nikakuta kwamba seli hizo ziliuawa kwenye kisahani cha maabara, na nyingine ndani ya panya, na kwamba kutoka hapo mpaka kwa mgonjwa safari bado ni ndefu. Mjomba aliishia aya ya kwanza, ambako kila mtu anapona.

"Sasa fikiria," aliniambia, macho yanang'aa. "Mmea mmoja una kemikali yake. Mimea kumi, kemikali kumi. Saratani itakimbilia wapi?"

"Mjomba, bado hatujui kama ni saratani."

"Ndiyo maana nachanganya. Chochote kitakachokuwemo, kitakutana na mwenzake."

Ingekuwa kwingine mpango huo ungemdhuru bibi peke yake. Lakini kwetu kuna desturi. Ukimpa mtu kinywaji, iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, ama maji, unaonja wewe kwanza, mbele yake, ajue hukumtilia kitu. Kijana anayemimina pombe kwa wazee bila kuonja anaweza kufukuzwa pamoja na mtungi wake. Bibi yangu alikuwa mtu wa desturi hii kuliko wote ninaowajua. Hata dawa ya kikohozi ya dukani, yule aliyeinunua alipaswa kunywa kifuniko kimoja kwanza. Msemo wake ulikuwa mmoja: "Asiyeonja hanipi."

Mjomba alionja sufuria yake ya kwanza, akapotea nyuma ya migomba mpaka jua likazama. Kesho yake alileta hoja kwamba yeye ndiye mtafiti, na mtafiti haruhusiwi kuwa ndani ya utafiti.

Wote wawili wakanigeukia mimi.

Habari za mgonjwa kwetu hazihitaji redio. Wiki hiyo ilianza kwa jirani kuleta mubirizi, yale majani machungu ambayo yamejaa kwenye ua wa kila nyumba na ambayo watu wa huku hunywa kwa homa, kwa minyoo na kwa hasira. Jirani mwingine, mama wa kanisani ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi na mbegu zao za maharage kiunoni, alileta umuravumba, jani jingine la dawa, umepondwa, unanukia vizuri kama sabuni na ukiuonja ni mbaya kama sabuni.

"Onja, mama," bibi alimwambia.

"Nimefunga. Naomba."

"Unaniombea mimi?"

"Nakuombea wewe."

"Basi mpe mume wangu, yeye haombi."

Nikaonja.

Siku ya gulio akaja mama mmoja muuza vitenge kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkongo, mcheshi, mwenye kuzunguka magulio yote ya wilaya na bidhaa kichwani. Bibi alikuwa mteja wake wa zamani. Alitoa ndani ya furushi chupa ya maji ya rangi ya matope.

"Mama, hii njo dawa ya nguvu! Iko naponyesha tumbo, iko naponyesha mugongo, hata bwana mwenye alikimbia, iko namurudisha."

"Bwana wangu yupo, ni huyu hapa," bibi alisema. "Onja, tuone."

"Miye? Aa, miye siko mugonjwa. Niko bien."

Akaniangalia kwa huruma kubwa, akanimiminia. Iliyobaki naikumbuka vipande vipande: moshi, shaba, na mbali kabisa kitu kama soksi ya mchezaji aliyefungwa mabao mengi.

"Ina ladha gani?" bibi aliuliza, kama alivyouliza kila mara, kwa sababu mwonjaji hapaswi kuonja tu, anapaswa kutoa taarifa.

"Kama jioni ya mvua," nilisema, "mtu anapokumbuka kwamba aliacha kitu nje."

"Sikuulizi kitabu. Chungu au si chungu?"

"Chungu."

"Basi sema chungu."

Mjomba naye hakulala na sayansi yake. Alichemsha mubirizi, manjano, tangawizi, kitunguu saumu, mizizi aliyoichimba mwenyewe kando ya mto na majani ambayo alikiri baadaye kwamba aliyachuma kwa sababu yalikuwa na sura ya majani ya dawa. Mchanganyiko ulipopoa ukafanya ngozi juu. Mbuzi wetu mkubwa, yule ambaye mwaka jana alikula nusu ya mwavuli wa mchungaji pamoja na waya zake, alisogea, akanusa sufuria, akanyanyua kichwa, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta mtu wa kumlaumu. Kisha akarudi kwenye zizi lake bila kufungwa kamba.

"Mbuzi hajui kusoma," alisema mjomba.

Nikaonja.

Haukupita muda mrefu, mbweu zikanijia na mimi. Kwanza ndogondogo, za aibu, za mtu aliyesoma. Baadaye zikakua. Nikawa nashindwa kumaliza chakula. Nikawa na moto hapa chini ya kifua, hasa alfajiri. Mimi na bibi tukawa tunaitikiana uani, yeye upande wa jiko, mimi chini ya kivuli chembamba cha paa ambako nilikuwa nimeweka meza yangu ya kuandikia. Yeye anaanza, mimi namalizia, kama kwaya iliyobakiwa na sauti mbili. Riwaya haikusogea. Mhusika wangu mkuu alikuwa amesimama mlangoni kwa mchumba wake tangu nilipofika, na kila nikitaka abishe hodi, tumbo langu linabisha kwanza.

Yule dereva wa bodaboda alipita siku moja kuleta mafuta ya taa. Akasimama nje ya ua, akasikiliza.

"Sasa wako wawili," alisema.

Lakini bibi aliendelea kupungua, na hilo halikuwa na mzaha ndani yake. Kitenge kiliongeza ncha. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja kwa haraka ya mtu anayedai kuku wake. Alasiri moja tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yeye tu, nikamuuliza wazi.

"Bibi, unaogopa nini?"

Alichagua maharage matatu mabovu, akamtupia kuku.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Tumbo hilihili. Tulimpeleka hospitali kwa machela ya miti, lakini mlangoni akasema hapana, nishusheni, nitaingia kwa miguu yangu. Wakasema viatu vibaki nje. Akanipa kandambili zake nishike. Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi nimeshika kandambili." Kuku akayakataa yale maharage. "Nilirudi nazo nyumbani. Yeye alirudi kwenye blanketi."

Nilitaka kumpa pole, mbweu ikanitoka.

"Ona," alisema, akanicheka kidogo, "hata kunisikitikia hujui." Kisha akapangusa mikono kwenye ile ncha ya kitenge. "Nitakwenda huko Kasulu. Lakini huo mpira wao, aonje mtu kwanza."

"Bibi, mpira hauonjwi."

"Kitu gani kinapita kooni mwa mtu bila kuonjwa? Atakayeniingizia huo mpira bila mtu kuutangulia mbele yangu, nitamng'ata."

Nikasema sawa, nitaonja. Nilisema hivyo nikiamini kwamba tukifika, daktari atamtoa wazo hilo kichwani. Ni ahadi rahisi sana kutoa mbele ya sinia la maharage.

Tuliondoka asubuhi kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo ka mjomba: bibi mbele, amevaa kitenge cha kanisani, mimi nyuma na magunia ya mbegu. Tulikuwa tumeambiwa kwamba anayepimwa asile wala kunywa chochote tangu usiku. Bibi alikuwa amekataa kufunga peke yake, kwa hiyo nami nilikuwa nimelala njaa, na njia nzima, vilima vikipanda na kushuka, lami inameta, nilitazama mashamba ya mihogo na kuyaona yote yamekwisha kupikwa. Magotini bibi alikuwa ameshika chupa ya chai. Ndani yake hamkuwa na chai, mlikuwa na dawa ya mjomba.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, rasta zake amezifunga ndani ya kofia ya kijani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeolewa?"

"Bado, bibi."

"Mume wangu huyu hapa, ningekuachia. Ila tumbo lake limeharibika."

Daktari alicheka, akauliza bibi amekuwa akitumia nini nyumbani. Hapo mjomba akasimama. Alikuwa amejiandaa. Alianza na manjano, akapanda hadi tangawizi, akaeleza seli na kemikali, akafika kwenye zile kumi zinazoizingira saratani isipate pa kukimbilia. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, bila kutabasamu, na nilimpenda kwa hilo.

"Mjomba, wala sikatai," alisema. "Zipo dawa za saratani tunazotumia leo ambazo zilianzia kwenye mimea. Lakini kemikali ilitolewa, ikapimwa kiasi chake, ikajulikana inamfaa nani na inamdhuru nani, miaka na miaka. Kwenye kisahani vitu vingi vinaua seli. Hata maji ya sabuni ya kufulia ukiyamwaga mle, seli zitakufa. Hatuwanyweshi watu sabuni."

Nilikumbuka ule umuravumba.

"Halafu niambie," daktari aliendelea. "Wewe unatibu ugonjwa gani?"

"Wa tumbo."

"Upi?"

Mjomba alinitazama mimi, akatazama chupa ya chai. Akakaa.

"Hata mimi sijui," daktari alisema. "Ndiyo maana nina kamera."

"Umeionja?" aliuliza bibi.

"Nini, bibi?"

Bibi akamweleza desturi, taratibu, kama unavyomweleza mgeni mahali choo kilipo. Daktari alianza kucheka, kisha akamwona usoni, akaacha. Akasema kwamba mpira unaoshwa kwa dawa kila unapotoka kwa mtu, kwamba hauumi kama watu wanavyosema. Bibi aliitikia yote kwa kichwa.

"Vizuri sana," alisema. "Nani anaonja?"

Na mimi, ambaye nilikuwa nategemea sasa daktari aseme haiwezekani, nilikusanya pumzi ili niseme hivyo kwa niaba yake. Ilitoka mbweu. Ndefu. Na mwanzo, na katikati, na mwisho.

Daktari alinigeukia polepole.

"Na wewe? Tangu lini?"

"Tangu nianze kuonja."

"Kuonja nini?"

"Vyote," alisema bibi kwa fahari. "Huyu ndiye mwonjaji wangu."

Ikabidi niseme: moto chini ya kifua, alfajiri kutapika, suruali inayoshikiliwa na mkanda na imani. Daktari alinibonyeza tumbo, nikaruka.

"Kwa umri wako ningeanza na vidonge tu," alisema. "Lakini kutapika huku na kukonda huku, si vibaya niangalie. Umekula leo?"

"Hajala," alisema bibi. "Nilimkataza mimi."

Bibi ana toleo lake la kilichofuata, na katika toleo hilo nililia nikamwita mama. Haikuwa hivyo. Nilipuliziwa dawa ya ganzi kooni, nikalazwa ubavu, nikapewa kitu cha kuuma, na mpira ukashuka huku muuguzi akinishika bega na kuniambia nipumue kama mtoto aliyelala. Machozi yalitoka yenyewe. Sikumwita mtu, mdomo ulikuwa umejaa. Kwenye kioo niliona kwa kona ya jicho pango jekundu lenye kung'aa, na daktari akasema kwa sauti ya mtu aliyekuta mgeni asiyetarajiwa, "Kuna jani."

Nilikuwa na michubuko kila mahali. Vidonge, alisema, na hakuna tena kuonja.

Nilitoka nikiwa nadondosha mate, ulimi mzito kama kandambili iliyolowa. Bibi alikuwa kwenye benchi la korido, mgongo wima. Mjomba alikuwa amesimama kando, ameshika ile chupa ya chai mbali na mwili wake. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa alumini, umelegea bawaba, haukai mpaka usukumwe. Ulikuwa umebaki wazi nyuma yangu, na muuguzi anaita jina la bibi.

Bibi hakusimama. Alinitazama juu mpaka chini, kuhakikisha nimetoka mzima wote.

"Taarifa," alisema.

Nilitafuta neno. Ile dawa ya ganzi waliyonipulizia, sijui ni nani aliyeamua hivyo, walikuwa wameitia harufu ya tunda.

"Ndizi," nilisema, mate yakinitiririka kidevuni.

"Ndizi?"

"Ndizi mbivu. Iliyopitiliza kidogo."

Alifikiri. "Kama rubisi?"

"Inaelekea huko."

"Siku zote hizi mnanisumbua na mnajua ni ndizi!" Akasimama, akaikaza ile ncha ya kitenge. Mlangoni muuguzi alimwambia, kwa upole, kwamba viatu angeweza kuviacha nje na mjukuu wake. Bibi aliinama, akavua kandambili moja, akanyoosha mkono kunipa. Nami nikanyoosha wangu.

Akaurudisha. Akaitupa kandambili chini, akaivaa tena, akaikanyaga vizuri mpaka vidole vikakaa.

"Hapana," alimwambia muuguzi. "Mume wangu huyu husahau vitu. Naingia nazo, natoka nazo."

Muuguzi alimtazama daktari ndani. Sikusikia alichojibiwa, ila alisogea kando. Bibi akapita, kandambili zikipiga sakafu, pa, pa, pa, na kutoka ndani nikamsikia akimuuliza daktari tena kama kweli hajaolewa. Muuguzi akausukuma mlango kwa kiuno, mara moja, mara ya pili, ukakaa.